Mkwe Chini ya Kamioneti

Mafuta ya giaboksi yakizeeka hunuka kitunguu kilichooza. Asiyewahi kuyanusa asijisumbue kuyatafuta. Juzi fundi mmoja aliyamwaga mbele ya lango langu, nami nikatoka na maneno makali tayari mdomoni, maana mimi si mtu wa kuvumilia uchafu wa wengine. Nilipofika kwenye doa lile, maneno yakanipotea. Fundi akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimerudi uani kwetu, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba, nikiwa mtoto wa kike mwenye magoti mekundu ya vumbi, nimesimama kati ya watu wazima wawili wasiosemezana, na wote wawili wananingoja mimi.

Sisi wa umri wetu hatuhitaji kuelezwa mambo ya ukwe. Siku hizi mkwe wangu hunipigia simu asubuhi kabla sijanywa chai, "Mama, ulilala muzuri?", nami humjibu, na mbingu hazijaanguka bado. Wakati ule mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni. Hakumpa mkono, hakula mbele yake, hakumsemesha. Wakikutana njiani, mmoja aliacha njia akaingia majanini. Baba alikuwa mtu wa Kasai na Nkambo alikuwa mtu wa Pweto, kule ziwani, na katika jambo hili desturi zao hazikupishana hata kidogo. Lakini hakuna aliyenieleza. Nilichokiona ni kwamba Nkambo akifika kwa mlango wa mbele, baba anatokea mlango wa nyuma, nikahitimisha kuwa wanachukiana. Niliwahurumia, hasa mama, aliyelazimika kuwapenda wote wawili.

Nkambo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, alikuwa mama yake mama. Alikuwa mjane mwembamba mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa, na biashara yake ilikuwa samaki wakavu. Alinunua Pweto, hasa wale dagaa wadogo tunaowaita chisense, akawaleta Lubumbashi kwa kamioneti aliyoachiwa na marehemu mume wake. Nasema aliyoachiwa, lakini neno hilo lina mwiba. Kwa desturi ya watu wa ziwa, mali ya mwanamume huenda kwa mtoto wa dada yake, si kwa mjane. Mrithi huyo alikuwepo, tena hapahapa mjini, upande wa Kasapa. Alikuwa na kazi ya ofisini na abakosi, ile suti isiyovaliwa tai, ya rangi ya maziwa. Siku ya kumaliza kilio alitamka mbele ya ukoo kwamba kamioneti ikiwa inatembea, mjane abaki nayo imlishe. Siku itakapolala, yeye ataikamata. Watu walimsifu kwa moyo wake mzuri. Nkambo hakumsifu. Aliijua barabara ya Pweto, na aliujua umri wa kamioneti.

Ililala mwishoni mwa kiangazi, wakati joto limeshafika na mvua bado inajivuta. Iliingia uani kwetu ikidondosha mafuta chini ya giaboksi, tone baada ya tone, toka langoni hadi ukuta wa jiko. Nkambo aliteremka amekunja uso, akamfukuza shofere wake palepale, akisema yeye ndiye aliyeiharibu njiani. Shofere hakujitetea. Alimtazama tu, akachukua mfuko wake, akaenda kwa ndugu zake kule Annexe. Habari mbaya haihitaji gari: kesho yake mrithi alituma neno kwamba Jumapili atapita kuangalia.

Baba alikuwa mtu wa mashine ya kukereza vyuma katika karakana ya kampuni. Hakuwa fundi wa magari, lakini alielewana na chuma kuliko alivyoelewana na watu wengi. Aliporudi kazini aliona doa, akaona kitenge cha Nkambo kikitoweka nyuma ya jiko, akavua viatu, akaingia chini ya kamioneti bila kuambiwa na mtu. Alikaa huko muda mrefu. Kisha akaniita.

Chini ya giaboksi kuna tundu la kumwagia mafuta, na tundu hilo hufungwa kwa kizibo cha chuma, tunachokiita bushoni, chenye meno ya kuzunguka, kama kifuniko cha chupa. Kizibo ni kigumu. Lakini karte, yaani gamba lile linalobeba gia zote, ni ya alumini, na alumini ni laini. Mtu akikaza kupita kiasi, kizibo hakiumii. Kinachokatika ni meno ya ndani ya tundu, ile filet. Baba alinishika mkono akakiingiza kidole changu humo. Nikahisi palivyo laini, kama ndani ya shavu.

"Filet yote ilikwisha," alisema. "Haina kitu ya kukamata."

Karte mpya haikuwepo mjini. Miaka ile ukitaka kipande cha gari uliandikisha jina ukangoja, na wapo wanaongoja hadi leo.

"Ulizia Nkambo," baba akasema kutoka chini. "Hii bushoni, nani aliikazaka?"

Nikakimbia. Nkambo alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya ukuta wa jiko, mgongo umeelekea kamioneti, sinia la chisense mapajani, anachagua mawe. Haikuwa mbali. Ningeweza kurusha embe likamfikia bila kupasuka.

"Nkambo, baba anauliza nani aliikaza bushoni."

"Umuambie baba yako, ni shofere."

Nikarudi mbio. "Baba, Nkambo anasema, tafadhali, ni shofere."

Hiyo tafadhali ilikuwa yangu. Niliiongeza kila mara, kwenda na kurudi, kwa kuwa niliona watu hawa wanahitaji kusaidiwa. Na niliamini kwa dhati kwamba hawasikiani. Mmoja aliposema, mwingine hakugeuka, hakuinua kichwa, hakutikisa hata kidole. Kwa akili yangu ya wakati ule, asiyetazama hasikii. Mama alikuwa jikoni, katikati yao, anasonga bukari, na kila nilipopita aliuma midomo. Nilidhani ni moshi unaomsumbua.

Dawa aliyoichagua baba ilikuwa hii. Angelipanua tundu, achonge humo meno mapya makubwa zaidi, aingize bague, yaani pete nene ya shaba nyeusi yenye meno nje na meno ndani, kisha kizibo kikamate kwenye bague badala ya kukamata kwenye alumini. Mkubwa wake alimruhusu kuikereza bague ile kutoka kwenye mabaki, saa ya mapumziko, na kuazima taro moja. Taro ndicho chombo cha kuchonga meno. Ni chuma kigumu mno, na ugumu wake ndio ubaya wake: hakipindi, kinakatika. Kikikatikia ndani ya tundu hakitoki tena, na karte imekwisha kazi. Baba alimweleza mama mambo hayo jikoni, taratibu, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. Mama hakujali habari za taro hata siku moja maishani mwake. Nadhani sasa kwamba hakuwa akielezwa yeye.

Jumamosi, watu waliporudi kutoka salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, na makoleo yao begani, baba alitandika gunia chini ya kamioneti akalala chali. Upepo ulikuwa umegeuka, ukatuletea moshi wa cheminée, dohani ya kiwanda, ule unaoacha ladha ya sarafu ulimini. Kwanza alikwangua tundu kwa mkono hadi likapanuka vya kutosha. Kisha alipaka grisi kwenye mifereji ya taro, ili vinyweleo vya alumini vinaswe humo visipande kwenye gia, akaanza kuzungusha. Nusu mzunguko mbele, kidogo nyuma. Mbele, nyuma. Alifumba macho. Aliniambia kazi hii haina cha kutazama, mkono ndio unaona. Vinyweleo vilitoka vinang'aa, nami nikaviokota nikavibandika kwenye kucha.

Halafu mkono ukasimama.

"Kuko kintu," alisema. "Kuko kintu ya nguvu umu ndani." Alirudisha taro nyuma kidogo, akajaribu tena polepole, akasimama tena. "Ulizia Nkambo kama kuko chuma yenye balitiamo."

Nikakimbia, nikauliza. Mikono ya Nkambo ikaacha kuchagua mawe. Hakusema kitu. Nilisubiri, nikatazama inzi akitembea ukingoni mwa sinia, nikamtazama Nkambo tena. Bado hakusema kitu. Nami nikaelewa, kwa namna mtoto anavyoelewa, kwamba mtu akiulizwa kama kitu kipo na asiseme kitu, basi hakipo. Nikarudi.

"Baba, Nkambo anasema, tafadhali, hakuna chuma."

"Basi ni karte njo inakamata," alisema baba. Akajiweka sawa kwenye gunia, akashika mpini wa taro kwa mikono yote miwili.

"Mukwe, acha."

Sauti ile ya ng'ambo ya ziwa ilipita juu ya ukuta wa jiko na juu ya kichwa changu. Nkambo alikuwa amesimama. Bado alikuwa ametupa mgongo, anautazama ua wa jirani, lakini maneno yalikuwa yanarudi kwetu.

"Acha, mukwe. Kuko waya. Miye njo nilikazaka na klé, nikatia tiyo ku mupini ili ikaze sana, juu ilikuwa inatona kidogo. Shofere alinikataza. Filet ilipokufa nikazungusha waya ku bushoni, nikapiga na jiwe mpaka ikaingia. Waya ilibakia mule."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, unga ukidondoka juu ya mguu wake, wala hakuupangusa. Niliogopa sana. Nilidhani sasa vita vinaanza, vile vilivyokuwa vikingoja tangu kabla sijazaliwa. Chini ya kamioneti, baba aliachia mpini akaweka mikono kifuani. Alikaa hivyo kwa muda ambao ulinitosha kuhesabu vyombo vyote vilivyokuwa kwenye kichanja cha mama na kuanza upya.

"Mama," akasema mwishowe. Alikuwa ananiita mimi. Ndivyo alivyoniita siku zote. "Weye ulisema kama kuko waya?"

"Hapana, baba. Ni Nkambo njo amesema."

"Ni weye. Nimekusikia. Leta tochi na ule musumari wa kuchongoka."

Niliona nimeonewa. Nilimletea tochi na msumari huku machozi yananilenga, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kusema kweli na baba alijua. Nkambo alikuwa ameketi tena, kitenge kimemfunika uso mzima.

Waya ulikuwa umezama ubavuni mwa tundu, ndani ya alumini, kama mwiba ndani ya kisigino. Baba aliuchokonoa hadi jua likaanza kushuka. Ulipotoka aliniwekea kiganjani: kipande cheusi kifupi kuliko ukucha wangu. Baada ya hapo taro ilikwenda bila kugomba. Akaingiza bague, akaipiga vidoa vichache kwa ncha ya chuma ukingoni ili isizunguke tena, akanipa pete ndogo bapa ya shaba nyekundu.

"Umuambie Nkambo aitie mu moto mpaka ikuwe nyekundu, kisha aitupe mu maji."

Shaba ikichomwa hivyo hulainika, na ikibanwa chini ya kizibo huziba kila mwanya. Nkambo aliichukua, akaizika kwenye makaa ya mbabula, akaikodolea macho kana kwamba mtu angeiiba. Ilipolia majini aliitoa, akaipangusa kwa ncha ya kitenge chake, ile safi, akanirudishia. Baba alifunga, akajaza mafuta, akatandaza kartoni chini. Tulikaa tukiitazama ile kartoni. Ilibaki kavu.

Nilimfuata mama jikoni. Nilikuwa na hasira na miguu iliyochoka.

"Mama, kama banasikilizana, juu ya nini nilikuwa nakimbia?"

"Kusikia haiko mubaya," mama alisema. "Ile iko mubaya ni kusemeshana."

"Nkambo alisemesha baba."

"Njo maana analia."

Sikuwa nimejua kwamba analia. Nilichungulia nyuma ya ukuta, na kweli. Sikuwahi kumwona Nkambo akilia, hata kwenye kilio cha mume wake, na jambo lile lilinishtua kuliko kelele zote za mchana.

Kabla giza halijaingia alijipangusa uso, akatoka, akarudi na kuku mweupe aliyefungwa miguu. Mama mkwe aliyemsemesha mkwe wake hutoa kuku mweupe, kuosha neno lililotoka. Hayo nayo niliyajua baadaye. Alinipa kuku nimpelekee baba, aliyekuwa ananawa mikono kwa sabuni na mchanga kwenye bomba. Baba alimtazama kuku, akatazama mikono yake, akaendelea kunawa.

"Murudishie," alisema. "Umuambie Nkambo, kuku ya kuosha inatoka wakati mukwe alisikia. Miye sikusikia muntu. Waya, ni mutoto njo aliniambiaka."

Nilibeba kuku na maneno yale kama yalivyo, na kwa mara ya kwanza sikuongeza tafadhali, maana nilikuwa nimenuna.

Nkambo aliniuliza, "Alisema ni mutoto?"

"Ndiyo, Nkambo. Na haiko kweli."

Alinishika bega. Kisha akanivuta akaniketisha chini karibu na kigoda chake, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Iko kweli," alisema. "Ni weye. Fungula kuku miguu."

Nilimfungua, akaenda zake chini ya kichanja kutafuta makombo. Jioni ileile mama alitumwa Annexe kumwita shofere. Alipofika, Nkambo alimwambia mbele yetu sote kwamba kosa halikuwa lake, na kwamba kesho watasafiri. Shofere alisema, "Merci, mama," akaomba maji ya kunywa.

Jumapili mrithi alifika mapema, na abakosi yake ya maziwa, na rafiki mwenye lori na kamba nene ya kuvutia. Aliikuta kamioneti inanguruma, shofere kwenye usukani, Nkambo kando yake, vikapu vitupu nyuma.

"Mama," alisema, "tulisemaka nini siku ya kumaliza kilio?"

"Tulisemaka yenye kutembea ni yangu. Nawe uko unaona."

Hakuridhika. Akataka injini izimwe, akainama, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali ile, akaingiza kichwa chini kutafuta tone. Alikaa humo muda wa kutosha kuliona kama lingekuwepo. Alipotoka hakuwa na rangi ya maziwa tena, na rafiki wa kamba aligeuka kukohoa, akapanda lori lake akaenda zake. Nkambo hakucheka. Alimwambia apande nyuma, watampitisha Kasapa, jua litakuwa kali. Nasikitika kusema kwamba alipanda, akakaa juu ya kikapu cha chisense.

Baba alisema bado anataka kuangalia kizibo kwa mara ya mwisho, akaingia chini tena. Sasa alikuwa amelala karibu chini ya kiti cha Nkambo, ubao na chuma tu kati yao, nami nimesimama kwenye ngazi ya mlango. Nkambo alikuwa anatazama mbele, barabarani, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

"Umuambie baba yako," alisema, na sauti yake safari hii isingevuka hata mfereji, "mutoto wangu aliolewa na muntu."

Nikashuka, nikainama. Baba hakuwa anaangalia kizibo. Alikuwa amelala chali, amefumba macho, mikono kifuani, na usoni mwake hakukuwa na mafuta lakini palikuwa na maji.

"Baba, Nkambo anasema mutoto wake aliolewa na muntu."

Hakufumbua macho.

"Sikusikia muzuri," alisema. "Sema tena."

Injini ilikuwa imezimwa. Ua wote ulikuwa kimya, hata mrithi kule nyuma alikuwa ameacha kupangusa magoti. Nilijua amesikia. Nikasogea karibu na sikio lake, nikasema tena.